Nilivyozuia kampuni ndogo za mieleka zisife zote kabla ya 2004

Kwa miezi mitatu nilikuwa natengeneza data ya mwaka 2002, yaani kampuni na wanamieleka walivyokuwa mwaka ule, kwa ajili ya Total Extreme Wrestling 2016, mchezo wa kompyuta wa kuendesha kampuni za mieleka ulioandikwa na Adam Ryland wa Grey Dog Software. Asiyeujua ajue kwamba humo hakuna pambano la kutazama. Ni maandishi na namba tupu: unaajiri wanamieleka, unapanga nani akutane na nani na nani ashinde, unalipa watu, unahesabu kilichobaki. Kampuni ambazo hukuzishika zinaendeshwa na kompyuta yenyewe, na hapo ndipo kazi yangu ilipokwama.

Nilichagua 2002 kwa sababu ya Philadelphia. Kampuni ya ECW ilikuwa imekufa mwaka uliotangulia, kampuni ya WCW imenunuliwa na mshindani wake WWF (sasa WWE), na wanamieleka kibao wa Marekani wamebaki bila pa kwenda. Mji ule mmoja ukawa na kampuni ndogo za CZW, Ring of Honor na 3PW, na ndani ya mwaka huohuo XPW ikaja kutoka California, ikakodi hadi ule ukumbi wa zamani wa ECW. Sijapenda kipindi chochote cha mieleka kama kile. Nilitaka mtu akifungua mchezo aukute mji ule ukiwa hai, achague kampuni yoyote kati ya hizo na ahangaike nayo.

Nikaanza jaribio la kwanza bila kushika kampuni, nikaiacha kompyuta iende mwezi baada ya mwezi. Kufika katikati ya 2003, Ring of Honor ilikuwa imefilisika. 3PW ikafuata. CZW ikabaki na watu ambao hakuna kampuni nyingine iliyowataka. Nikarudia mara nne, majibu yakawa yaleyale, miezi tu ndiyo ilipishana.

Nikaongeza hela. Mtaji wa kila kampuni nikauzidisha mara tatu. Zikafa vilevile, kwa kuchelewa mwaka mmoja. Nikapandisha umaarufu wa kampuni zenyewe, zikafa haraka zaidi. Hili la pili lilinichukua siku kadhaa kulielewa. Mchezo unapima kila shoo dhidi ya umaarufu wa kampuni katika eneo ilipofanyika. Shoo ikipata alama zaidi ya umaarufu huo, kampuni inapanda; ikipata pungufu, inashuka. Nilipoipa kampuni ndogo sifa kubwa kuliko shoo inazoweza kutoa, nilikuwa nimeipangia kushuka kila mwezi, na huku malipo ya watu yako palepale.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu, ambaye mieleka anaijua ile ya kwenye televisheni tu. Jioni moja alikaa pembeni yangu akiangalia orodha ya wanamieleka wa Ring of Honor, akaweka kidole kwenye kioo.

"Kaka, huyu Low Ki ndiye nani?"

Nikaanza kumweleza: mateke yake, kasi yake, jinsi alivyokuwa moja ya nguzo za kampuni ile.

"Sawa. Lakini mbona umaarufu wake unakaribia wa Eddie Guerrero? Eddie mimi namjua."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa Low Ki umaarufu wa 51 kati ya 100, Bryan Danielson 48, Christopher Daniels 50, kwa sababu nawapenda na najua walikuja kuwa nani. Lakini namba ile haiulizi mtu anajua kazi kiasi gani. Inauliza watu wangapi wanamjua. Mwaka 2002 Danielson alikuwa kijana wa miaka 20 na ushee, hodari kupita maelezo, na nje ya wafuatiliaji wa kanda za video hakuna aliyekuwa na habari naye. Mchezo unapanga malipo kwa kuangalia zaidi umaarufu, kwa hiyo nilikuwa nimezibebesha kampuni za kumbi ndogo malipo ya mastaa. Tena umaarufu uleule ndio uliozivuta kampuni kubwa zije na mikataba ya kudumu kuwachukua.

Usiku ule nilipitia jina moja moja. Danielson kutoka 48 hadi 14. Low Ki 19. Uwezo wao ulingoni sikuugusa hata nukta moja, niliuacha juu kabisa unakostahili. Kisha nikaingia kwenye mpangilio wa aina ya mieleka wa Ring of Honor nikahakikisha kwamba kinachopimwa zaidi ni ubora wa pambano, jina la mtu liwe la pili. CZW nikaipa mpangilio mwingine kabisa, wa damu na vioo, maana mashabiki wake hawakwenda kutafuta kitu kimoja na wale wa Ring of Honor.

Kielelezo changu kikawa shoo ya kwanza kabisa ya Ring of Honor, tarehe 23 Februari 2002 katika ukumbi wa Murphy Recreation Center. Eddie Guerrero alikuwepo, akapigana na Super Crazy. Watu walimjua. Lakini pambano kuu walipewa Low Ki, Danielson na Daniels, watatu kwa pamoja, na Low Ki akashinda. Mgeni mwenye jina anajaza viti, vijana wenye uwezo wanafunga shoo. Ndivyo kampuni ndogo ilivyopumua. Basi kwenye data nikaongeza wanamieleka wa aina hiyo, wenye jina na wasio na mkataba, wanaolipwa kwa shoo moja moja.

Jaribio lililofuata lilinipeleka upande wa pili. Kufika 2005 Ring of Honor ilikuwa imepaa kupita kiasi, kwa sababu nilikuwa nimeianzisha chini mno na kila shoo iliizidi alama. Nikaiendesha miezi sita, nikaandika wastani wa alama za shoo zake, kisha nikaweka umaarufu wake wa mwanzo chini kidogo tu ya wastani huo. CZW na 3PW hivyohivyo. XPW sikuitafutia dawa. Kwenye historia ilikufa 2003, na kwenye mchezo nayo ilikuwa inakufa kwa matumizi yake yenyewe, nikaona ni haki.

Jaribio la mwisho nililiacha liende hadi 2008. Mwaka 2006 kampuni kubwa ilimchukua Danielson kwa mkataba wa kudumu. Nilisimamisha mchezo nikafungua ukurasa wa fedha wa Ring of Honor: dola elfu chache za faida mwezi ule. Mwezi uliofuata, pambano kuu likapewa kijana niliyekuwa nimemwandika kwenye data akiwa na umaarufu wa 6.