Kila mtu anajua ukeketaji ni vibaya, haya, mama yuko leba unafanyaje?

Ukiuliza nesi au daktari yeyote kuhusu ukeketaji atakujibu fasta kwamba ni ukatili, sawa, hakuna anayebisha, ila muulize huyohuyo: mama aliyekeketwa aina ya tatu, yule aliyezibwa akaachiwa katundu tu, ameingia leba na hata kumpima njia haiwezekani, unafanyaje? Hapo ndo kimya kinaanza, au utasikia "apelekwe tu upasuaji". Jamani, kukeketwa peke yake sio sababu ya kumpasua mtu tumbo!

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo tangu 2016 na umesema wazi, kovu linafunguliwa, iwe wakati wa ujauzito au leba. Namna yake: anachomwa ganzi halafu unakata taratibu kwa mbele katikati huku kidole kikilinda vilivyo chini, kisha kingo zinashonwa kila upande kivyake. Kumzibia tena baada ya kujifungua hapana, hata mume au mama mkwe aombe vipi.

Na kitu ambacho wengi hawamwambii mama: akishafunguliwa mkojo utatoka kwa kasi na kwa sauti tofauti na alivyozoea maisha yake yote, kama hukumwambia mapema anaweza kudhani umemharibu.

Mi naona tatizo linaanzia kliniki, hatuulizi kama mama amekeketwa. Tunapima presha, damu, mkojo, hilo swali tunaliruka kwa sababu ya aibu (yetu sisi, sio yake), ndo maana mtu anakuja kushtuka mama akiwa tayari kitandani, na sura ile ya kushtuka mama anaiona, mbaya zaidi wale wanaoitana waje kuangalia. Hata tukiuliza tunaandika "amekeketwa" basi, wakati aina ziko 4 na hatari zake hazilingani. Utafiti wa 2006 wa wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi 6 za Afrika ulionyesha upasuaji na kutoka damu nyingi baada ya kujifungua vinaongezeka kadiri ukeketaji ulivyo mkubwa, kwahiyo kuandika aina sio urembo wa faili.

Halafu sio leba tu. UTI isiyoisha, hedhi ya maumivu makali, uvimbe kwenye kovu, tendo la ndoa linalouma, usingizi wa ndoto mbaya, anatibiwa kimoja kimoja miaka na miaka, dawa juu ya dawa, na hakuna aliyewahi kumwomba ruhusa amwangalie.