Safari ya Kikuubo, Wiki ya Mwisho ya Noti ya Zamani

Siku ya Madaraka mwaka 2019, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Patrick Njoroge, alitangaza akiwa Narok kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 ingekoma kutumika baada ya Septemba 30. Noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 ziliachwa ziendelee. Pale Kisumu wengi waliona hilo ni shauri la wenye magunia ya pesa chini ya kitanda. Kwetu sisi tunaonunua mali Kampala, jambo zito lilikuja baadaye kidogo, na halikupigiwa kelele sana: mpango wa Benki Kuu kuzipokea shilingi za Kenya zinazokusanywa na benki za Uganda na Tanzania ulisitishwa. Benki ya Kampala ilipochukua elfu yako, haikuwa na pa kuipeleka. Anayebadilisha pesa alijua hivyo, akakupunja, hata kama noti yako ilikuwa mpya na inanukia wino.

Kundi letu la wauza vitenge na mikoba wa soko la Kibuye, Kisumu, lilipanga kuvuka wiki ya mwisho ya Septemba. Mzigo wa Disemba hununuliwa mapema, kabla maduka ya jumla ya Kikuubo, katikati ya Kampala, hayajajaa wateja wa Sudan Kusini na Kongo. Jumatatu iliyofuata ndiyo ilikuwa tarehe 30, na karibu akiba yote ya chama ilikuwa noti za zamani, kwa kuwa mteja wa sokoni alikuwa akikulipa kwanza zile anazotaka kuzitoa mkononi.

Njia ya kwanza iliyokuja kichwani mwa kila mtu ilikuwa kuziweka M-Pesa. Wiki hiyo haikuwa rahisi. Wakala akikuwekea pesa, anachukua noti zako na kukupa floti yake, yaani salio la M-Pesa lililo kwenye simu yake. Sasa kila mtu alikuwa anaweka na hakuna anayetoa, hivyo saa nne asubuhi wakala wa Kibuye alikuwa na droo iliyojaa noti na simu isiyo na kitu. Ili apate floti tena lazima azipeleke benki, na benki foleni imefika barabarani. Wengine waliacha kabisa kupokea noti ya zamani, maana hakuna anayetaka kuamka Jumanne na droo ya karatasi.

Tulikwenda benki, Oginga Odinga Street, kila mwenye akaunti akiweka kwenye akaunti yake mwenyewe. Kwa kiasi cha chini ya milioni moja na akaunti yako, hakukuwa na mzozo. Usitie pesa ya chama nzima kwenye akaunti ya mtu mmoja ili kuokoa muda: swali la pesa zimetoka wapi litamwangukia yeye, na kadi ikikataa ng'ambo, nyote mmekwama pamoja.

Pesa ikishaingia kwenye akaunti, swali lilikuwa zivuke kwa sura gani. Mama mmoja, mkongwe wa njia hiyo kuliko sote, alitaka dola. Wengine walisema dola ni kubadilisha mara mbili, na kila mara unakatwa. Hesabu ikafanywa hapo hapo juu ya karatasi ya benki. Dola ilikuwa ikiuzwa kwetu kwa 104.50. Kampala, foreksi (maduka ya kubadilisha fedha) za Kampala Road zilikuwa zikinunua dola ya noti kubwa kwa karibu 3,665 za Uganda. Kwa hiyo shilingi 104,500 za Kenya zinakuwa dola 1,000, na dola 1,000 zinakuwa 3,665,000 za Uganda. Ukipeleka hizo 104,500 moja kwa moja kwa wabadilishaji wa Busia, mji wa mpakani, kwa 34.50, unapata 3,605,250. Tofauti ni karibu 60,000 za Uganda, kama 1,700 zetu. Mara mbili ilishinda mara moja, kwa sababu dola ina soko kila mahali na shilingi ya Kenya wiki ile haikuwa nalo.

Ila dola si dola tu. Ukiwa dirishani omba noti za 100 na 50, zilizochapishwa miaka ya karibuni, zisizo na mhuri, maandishi ya kalamu wala mkunjo uliochanika. Dola za 20, 10 na 5 Kampala zina bei yake ya chini. Dada mmoja alipewa dola 200 kwa noti za 20 akazipokea kwa sababu foleni ilikuwa ndefu nyuma yake, foreksi ilimpa 3,550 kwa kila dola, akapoteza 23,000 za Uganda kwa aibu ya kumwambia keshia, "Nibadilishie hizi." Noti kuukuu sana wanaweza kuikataa kabisa, hata kama Marekani kwenyewe bado ni halali.

Tulisafiri mchana. Basi la usiku kwenda Kampala ni raha, unalala na kuamka umefika, lakini linakufikisha Busia saa ambazo hakuna benki wala foreksi iliyo wazi, na aliyebaki macho kukubadilishia ni yule wa gizani. Kwa hiyo tukapanda matatu ya asubuhi: Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala, halafu Busia. Kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka. Kadi ya homa ya manjano usiiache nyumbani. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi mwaka 2018, mihuri ya nchi zote mbili unaipata chini ya paa moja, na hapo hapakutuchelewesha.

Wabadilishaji wa mpakani wanakungoja na vibunda mkononi. Hapo badilisha ya nauli na chakula tu. Na angalia mikono, usiangalie uso. Anahesabu mbele yako kwa haraka, noti moja imekunjwa katikati ya kibunda, kwa hiyo kila anapopita pale vidole vinahesabu ncha mbili. Au anakupa pesa kamili, unahesabu, zimetimia, kisha anasema, "Hebu nihakikishe tena," anazichukua, na zinazorudi si zile. Kikokotoo chake kiache. Tumia cha simu yako. Zihesabu pesa zake zikiwa mkononi mwako na zako zikiwa bado kwenye pochi, na zikishaingia mkononi mwako zisirudi kwake kwa sababu yoyote. Jifunze rangi pia, maana sifuri za Uganda humchosha mgeni: 5,000 ni ya kijani, 10,000 zambarau, 20,000 nyekundu, 50,000 ya manjano. Mtu akikuhesabia kumi-kumi katikati ya ishirini-ishirini, rangi itakuambia kabla ya sifuri.

Mtandao wa Safaricom hushika hadi maduka ya kwanza ya upande wa pili, na hilo huwadanganya watu kwamba simu yao itafanya kazi hivyo hivyo mpaka Kampala. Baada ya hapo laini inategemea romingi, yaani huduma ya kutumia laini yako kwenye mtandao wa nchi nyingine. Iwashwe ukiwa Kenya, kabla hujavuka. Sababu kubwa si kupiga simu. Benki yako inapotaka kukuhakikisha inatuma namba za siri kwa ujumbe kwenye laini ile ile; laini ikiwa imezimika, kadi nayo ni kipande cha plastiki.

Kadi ndiyo iliyotupotezea nusu siku. Mmoja wetu alikuwa ameacha pesa yake yote kwenye akaunti, akisema atatoa huko huko kwa ATM. Mashine ya kwanza, karibu na Kampala Road, ilifikiri kwa muda mrefu kisha ikaandika kwamba muamala haukukubaliwa. Ya benki nyingine vivyo hivyo. Hapo watu wengi hukosea: wanadhani PIN si sahihi, wanabonyeza nyingine, na ya tatu ikikosewa kadi inafungwa au mashine inaimeza. Ukikataliwa mara mbili na mashine mbili tofauti wakati akaunti ina pesa, tatizo liko kwa benki yako nyumbani. Yake ilikuwa imefunga matumizi ya nje kwa usalama, na hakuwa ameomba ifunguliwe. Akapiga simu kwa romingi huku salio likiyeyuka, akaulizwa jina kamili, namba ya kitambulisho na muamala wa mwisho alioufanya, kisha akaambiwa angoje. Baada ya chakula cha mchana kadi ilikubali.

Ilipokubali, mashine ikamuuliza kama anataka akatwe kwa shilingi za Kenya, na ikamwonyesha kiasi kwa Kenya ili aone vizuri. Ni ukarimu wa gharama. Ukikubali, kiwango cha kubadilisha kinapangwa na mwenye mashine, na huwa kibaya kuliko cha mtandao wa kadi kama Visa. Bonyeza cha kukataa ubadilishaji, uchague shilingi za Uganda. Muamala utaendelea kama kawaida ingawa skrini imeandikwa kama vile utafutwa. Na kwa kuwa benki za kwetu hukata ada kila unapotoa nje ya nchi, toa mara moja kiasi kikubwa ambacho mashine inaruhusu. Anayetoa kidogo kidogo kwa kuogopa wezi analipa ada kila mara.

Huku tukimngoja, wenzake walikuwa wamekwisha kulipa kwa njia ambayo naona ndiyo bora kwa mfanyabiashara: pesa inatoka M-Pesa kwenda moja kwa moja kwenye laini ya MTN, kampuni ya simu ya Uganda, ya mwenye duka, kwa *840#. Hubebi kibunda Kikuubo, na vile vichochoro, wapagazi wakikusukuma na marobota kichwani, si mahali pa kufungua pochi. Wakati huo hukuweza kutuma zaidi ya 70,000 kwa mara moja wala 140,000 kwa siku, hivyo mzigo mkubwa ulilipwa nusu kwa simu na nusu kwa taslimu. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Namba ya mwenye duka mara nyingi imesajiliwa kwa jina la kaka au mke, na bora uulize kabla kuliko kubishana baadaye.

Kuna kodi ya kukumbuka. Julai 2018 Uganda iliweka kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu. Baada ya malalamiko ikashushwa hadi asilimia 0.5 na kubaki kwa kutoa tu. Ukimtumia muuzaji milioni moja, yeye akienda kutoa anakatwa 5,000 za kodi, na juu yake ada ya wakala. Ndiyo maana mwenye duka alituambia, "Nyabo (yaani mama), ongeza ya kutolea." Hakuwa mjanja, ni hesabu. Lililotakiwa ni kuiingiza kwenye bei wakati wa kupatana, si kuisikia baada ya mzigo kufungwa.

Njia ya Western Union tuliiweka akiba na hatukuihitaji. Inafaa ukiibiwa simu na kadi pamoja: mtu wa nyumbani anatuma, anapewa namba ya tarakimu 10, anakusomea, nawe unachukua kwa wakala. Kinachowakwamisha watu ni majina. Mtumaji anaandika jina unaloitwa sokoni, kitambulisho kina majina matatu, wakala anakurudisha. Mtumie mtu wa nyumbani picha ya kitambulisho chako kabla ya kuondoka.

Kurudi, zilizobaki za Uganda zibadilishwe Busia kabla hujavuka, sarafu uzimalizie kwenye chai na maji, maana Kisumu kumpata wa kuzinunua ni bahati. Wabadilishaji siku hiyo walikuwa wakarimu ajabu. Waliokuwa wametupa bei mbaya tukienda, sasa walitoa shilingi za Kenya kwa bei nzuri kuliko foreksi yoyote, wakatuita dada, wakatupa kiti. Vibunda vyote vilikuwa vya elfu-elfu za zamani, na Jumatatu ilikuwa inakuja. Kijana mmoja alituhakikishia kwamba benki zetu zingezipokea hata mwezi wa kumi. Si kweli: Benki Kuu haikuongeza hata siku moja, na noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi kabisa. Tukamwambia atupe mpya au atupe za mia tano. Akanuna, akazunguka kwa wenzake, akarudi na kibunda kinene cha mia tano, bei ikiwa imerudi pale pale pa zamani. Tulizihesabu zote, moja moja, pale pale.