Mdhamini wa Pili

Mwaka 2019 ombi langu la kumleta mama kutoka Mombasa lilishakubaliwa. Mzazi wa raia wa Marekani hakai foleni ya miaka na miaka kama ndugu, kwa hiyo hapo sikuwa na wasiwasi. Kilichonikwamisha ni kipato. Nyumba yetu Columbus, Ohio, ilikuwa na watu watano, mama wa sita, na fomu ya udhamini, I-864, ilidai nionyeshe dola 43,237 kwa mwaka. Mume wangu alikuwa bado anasoma. Mshahara wangu wa ghalani haukufika huko.

Tukaenda kwa ami mmoja kumwomba awe mdhamini wa pili, si wa damu, ila ni mtu wa kwetu, dereva wa teksi yake mwenyewe. Hata chai haijamiminwa, akasema, "Mamako ni mamangu. Leta kalamu."

Mkewe ndiye aliyezichukua karatasi. Akavaa miwani, akasoma kwa kidole, mstari baada ya mstari.

"Deni hili linaisha lini?"

"Mama akipata uraia. Au akitimiza robo mwaka 40 za kazi, kama miaka kumi hivi. Au akihama nchi kabisa, au..."

"Au?"

"Au akifa, Bi."

"Au nikifa mimi," akamalizia. Alishafika mstari huo.

Mama alikuwa na miaka 67. Hizo robo 40 angezitoa wapi?

"Na akichukua msaada wa serikali?"

"Wanaweza kukudai wewe." Sikutaka kumficha, nimeona watu wakisainishwa fomu hii kama kitabu cha rambirambi.

Zikaja karatasi za kodi, na hapo ami akanywea. Dereva hutoa kwanza mafuta, bima na matengenezo, ndipo aandike faida, na kinachohesabiwa ni faida hiyo. Wao, mtoto wao na mama yangu, watu wanne, walihitaji 32,187. Ya ami haikukaribia.

Mkewe akaingia chumbani, akarudi na karatasi ya mshahara wake wa mwaka kutoka hospitali anakofanya zamu za usiku. Ameikunja, tarakimu zimo ndani.

"Nitasaini mimi. Lakini bima ya afya ya mamako anza kuitafuta sasa, usingoje aanguke. Na kiasi hiki asikijue mtu, hata mumeo."

Mume wangu, aliyekuwa ameketi ubavuni mwangu, akageuka akawa anatazama televisheni. Ilikuwa imezimwa.