Nimerudi Kinondo na habari za mikunga

Huu ni mwezi wa tatu tangu nivuke feri ya Likoni na masanduku mawili kurudi kwetu Kinondo, pwani ya kusini ya Kenya, baada ya miaka 13 Australia. Dereva wa matatu ya Ukunda aliniuliza nashukia wapi, nikamjibu kwa Kidigo. Akacheka, akasema Kidigo changu kimepauka kama kanga ya sadaka. Sikubisha. Nyumbani nilikuta mnazi wa uani umekatwa, mpwa wangu niliyemwacha akitambaa amenipita kimo, na baba hayupo. Yeye nilimzika kwa simu. Asubuhi ya pili nikataka kwenda pwani kwa njia ile tuliyokuwa tukipita naye tukibeba malema, vile vikapu vya kutegea samaki. Nilikuta ukuta wa mawe na geti. Mlinzi wa geti ni kijana wa kijiji cha jirani. Aliniamkia kwa adabu zote, kisha akanielekeza pa kuzungukia.

Kila anayekuja kunijulia hali ana swali moja: umetuletea nini? Chokoleti ziliisha wiki ya kwanza, viatu wiki ya pili. Kilichobaki ni habari ya mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, na naona watu wameanza kunikimbia nikiianza. Basi naiandika hapa, asiyetaka apite.

Miaka yangu sita ya mwisho niliishi Heywood, mji mdogo kusini magharibi mwa jimbo la Victoria, karibu na bandari ya Portland. Kodi ya Melbourne ilinishinda, nikapata kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba moja ya wazee huko. Upepo wa Heywood mwezi wa saba unapenya hadi kwenye meno. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa Australia miaka saba bila kuzungumza na Mwaborijini hata mmoja. Nilidhani wako jangwani, kule kwenye picha za kalenda. Kumbe pale Heywood nilikuwa nimepanga kwenye nchi yao, nchi ya Wagunditjmara, na shirika lao, Winda-Mara, lina ofisi mjini. Mwanzo nilidhani ni zahanati, kwa sababu watu walikuwa wakienda pale kwa mambo ya afya. Baadaye nikajua wanashughulika pia na nyumba za kupangisha, na malezi ya watoto, na kwamba marenja, yaani walinzi wa mazingira, waliokuwa wakipita na magari yenye matope hadi madirishani walikuwa wafanyakazi wao, wanaotunza ardhi ambayo shirika lenyewe linaimiliki.

Jambo la kwanza lililonifanya nijisikie nyumbani lilikuwa dogo. Wazee wao huitwa shangazi na mjomba hata na asiye na nasaba nao, na mtu hamtaji mzee kwa jina tupu. Nilikuwa nimewazoea Wazungu wa nyumba ya wazee ambao bibi wa miaka 90 anataka umwite jina lake la utotoni. La pili ni hodi. Mikutano kule, hata ya kazini kwetu, huanza kwa kuwataja wenye nchi na wazee wao. Wengine husoma maneno hayo kama mtu anayesoma masharti ya benki, sitaki kudanganya. Lakini hodi ni hodi, na mimi natoka mahali ambapo mtu hujenga ukuta kwenye njia ya watu bila kubisha hodi.

Siku moja ya mapumziko nilifuatana na kundi la wageni kwenda kuona Budj Bim. Huo ni mlima wa volkano uliolipuka yapata miaka 37,000 iliyopita, ukamwaga mawe ya moto yaliyoteremka zaidi ya kilomita 50 hadi baharini. Yale mawe yalipopoa yaliziba mito, pakatokea vinamasi na ziwa wanaloliita Tae Rak. Wagunditjmara wakachukua mawe yale yale wakachimba mifereji na kujenga kuta, ili mafuriko ya mvua yawapeleke mikunga kwenye mabwawa ya kuwafugia, na mwisho kwenye mitego. Sehemu ya kazi hiyo imepimwa na wataalamu ikaonekana ina umri wa miaka 6,600. Piramidi za Giza bado hazijawazwa.

Kiongozi wetu alikuwa akieleza haya nami nikapaza sauti: "Huu ni uzio!" Watu wakageuka. Nilishindwa kuwaeleza. Baba yangu alikuwa na uzio wa fito pale pwani. Bahari ikijaa samaki wanapita, ikikupwa wamenaswa. Wao wanangoja mvua pale sisi tunapongoja mwezi, na fito zetu huoza kila baada ya misimu michache, mawe yao yako palepale. Wakatuonyesha na kikapu chao cha kutegea, kirefu, mdomo mpana na mkia mwembamba ulio wazi, na mvuvi hukaa mkiani kumdaka mkunga anapochomoza. Lema la baba lilimfungia samaki ndani kwa hila ya mlango. Nilikishika kile kikapu muda mrefu kuliko wageni wenzangu, hata nikaona aibu.

Mkunga wao, kooyang, si huyu wetu wa miambani mwenye meno ya msumari ambaye hata mchuzi wake watu wanaubishania. Ni wa maji baridi, laini, ana mafuta. Tangu 2022 wana jengo kando ya Tae Rak lenye mkahawa, na hapo nilimla akiwa amekaushwa kwa moshi. Mtamu. Nililalamika moyoni kwamba hakuna pilipili wala ndimu. Ila kilichonikaa ni safari yake. Akipevuka huacha ziwa, huteremka mto, huogelea hadi Bahari ya Matumbawe huko kaskazini, maelfu ya kilomita, hutaga, hufa. Wanaorudi ni watoto, wembamba kama uzi na wanaoonekana hadi ndani, wanaupanda mto ambao hawajawahi kuuona. Nilipokuwa peke yangu zamu ya usiku nilikuwa nikiliwaza hilo kupita kiasi.

Na wapo watu wa pale waliorudi wakakuta kama nilivyokuta mimi, na vibaya zaidi. Mwaka 1867 kanisa la Kianglikana lilifungua misheni karibu na lile ziwa, na Wagunditjmara walionusurika vita vya walowezi wakakusanywa hapo. Kwenye Vita Vikuu vya Kwanza, ndugu watano wa familia moja, akina Lovett, walikwenda kuipigania Australia, na wote watano wakarudi hai. Vita vya pili vilipokuja wanne wao wakajiandikisha tena. Baada ya vita serikali ikaigawa ardhi ya misheni kwa askari waliorudi kutoka vitani. Herbert Lovett akaomba kipande. Akanyimwa. Waliopewa ni Wazungu. Kanisa la mawe ambalo wazee wao walikuwa wamelijenga lililipuliwa mwaka 1957. Na ziwa lenyewe lilikuwa limekaushwa kwa mifereji ili ng'ombe wapate malisho.

Nilimsimulia mjomba habari ya akina Lovett jioni moja tukinywa kahawa chungu barazani. Alinyamaza, akamwaga machicha, akasema: "Hao ni sisi." Kisha akaanza ya kwetu, ambayo nimeisikia tangu utoto lakini sikuwahi kuisikiliza. Mwaka 1908 Waingereza walitoa sheria kwamba mwenye dai la ardhi ukanda wa pwani alipeleke liandikwe. Wenye kusoma na wenye jamaa mjini wakapeleka. Babu zetu wengi hawakupeleka, kwa sababu nani anayeandikisha mkorosho wake mwenyewe? Isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza, kisha ya serikali, kisha viwanja vya ufuoni vyenye hati za watu tusiowajua. Ukuta kwenye njia ya baba ulianza kujengwa siku ile.

Sasa nieleze Wagunditjmara walivyoirudisha yao, kwa sababu vijana wetu wanaponisikia nikisema "mkahawa" na "watalii" hudhani hapo ndipo ilipoanzia. Ilianzia kwa wanawake wawili, Sandra Onus na Christina Frankland. Kampuni ya Alcoa ilikuwa ikijenga kiwanda cha aluminiamu Portland, juu ya ardhi yenye masalia ya wazee wao. Wakashtaki. Mahakama za chini ziliwaambia hawana haki hata ya kufungua kesi, yaani jambo haliwahusu! Mwaka 1981 mahakama ya juu kabisa ya Australia ikasema linawahusu. Kesi ile ndiyo iliyoleta mazungumzo, na mwaka 1987 sheria ikapitishwa ya kuwarudishia ardhi ya misheni. Mwaka 1996 wakafungua dai la haki ya asili juu ya nchi yao pana zaidi, na hukumu ikatoka 2007. Miaka 11. Jaji alikwenda kuitoa huko huko Budj Bim, chini ya miti. Ziwa lilirudi mikononi mwao mwaka uliofuata, na 2010 wakamaliza kujenga kizuizi cha maji kwenye mdomo wake. Tae Rak ikajaa. Mwaka 2019 UNESCO ikaiingiza Budj Bim katika Urithi wa Dunia, mahali pa kwanza Australia kuingizwa kwa ajili ya utamaduni wa Waaborijini peke yake. Mkahawa ukaja miaka mitatu baada ya hapo.

Nisiwapambie. Hiyo haki ya asili si hati ya kumfukuza mtu. Inawaruhusu kupita, kuvua, kupiga kambi, kutunza mahali pao, na kushirikishwa mambo yakiamuliwa. Mkulima wa Kizungu mwenye hati yake bado yuko shambani kwake na ng'ombe wake. Kwa hiyo hukusanya vipande, hiki kwa sheria, kile kwa kununua, kingine kwa makubaliano. Wanalo na shirika jingine, Gunditj Mirring, linaloshika mambo ya haki ya ardhi, na mambo ya huduma na marenja yako Winda-Mara. Na bado wanagundua. Moto wa msituni wa mwishoni mwa 2019 ulipounguza majani, ulionekana mfereji wa mita 25 hivi ambao hakuna aliyekuwa akijua uko pale. Nilikuwa Heywood wakati ule, na moshi ulitukalia kifuani siku nyingi.

Kwetu Kinondo tuna kaya, msitu wetu mtakatifu, na sihitaji kumweleza mtu wa huku. Iko katika ule Urithi wa Dunia tangu 2008 pamoja na kaya tisa nyingine za Mijikenda, na wageni huingizwa wakiwa wamejifunga kaniki, wakaelezwa miti na miiko. Hilo ni jema na wazee walioliongoza walitutangulia kwa akili. Lakini wiki iliyopita vijana walinijia na mpango: bendi ya ngoma, mkahawa, ukurasa wa intaneti, nami nitoe mtaji kwa kuwa nimetoka Australia. Niliwauliza kitu kimoja: huo mkahawa mtaujenga juu ya ardhi ya nani? Wakatazamana. Tangu 2016 iko sheria ya ardhi ya jamii. Jamii inajiandikisha, inachagua kamati ya watu kati ya 7 na 15, na maamuzi mazito yanataka theluthi mbili ya wanajamii. Haitabomoa ukuta wa ufuoni, ile tayari ni mali ya mtu kwa karatasi. Ila vipo vipande ambavyo bado havina karatasi ya yeyote, na hivyo ndivyo vinavyoniogopesha. Mmoja akaniambia mimi nimezoea mambo ya Wazungu, huku kamati ni chakula cha wanakamati. Simlaumu, nimewahi kuchanga kwenye kamati kama hizo.

Mjomba naye alikataa, kwa sababu yake. Nilisema tuanze kwa kuandika majina ya mahali: kila kisima, kila mwamba, kila mti wenye jina, nani alilima hapo na nani alizikwa hapo, kwa sababu Wagunditjmara hawakushinda kwa maneno matupu, walionyesha. Akasema: "Ukishaandika umeuza. Vigango vya Wagiriama, zile nguzo za kuwakumbuka wafu, viliibiwa vikaenda mpaka Marekani kwa sababu vilijulikana vilipo." Hilo sikuwa na jibu lake, na bado sina. Nilimwambia tu kwamba hata kule kuna mahali ambapo kiongozi hakutupeleka, na alipoulizwa alisema "hapo sipo pa kuelezea," akaendelea kutembea.

Ijumaa baada ya sala tulitoka watatu, mjomba, mpwa wangu mwenye simu ya ramani, na mimi na daftari. Tulizunguka ukuta, tukaingia pwani kwa mwanya wa wavuvi. Mjomba alikuwa akitaja, mpwa anaweka alama, mimi naandika. Mwamba uliokaa kama jahazi. Mahali palipokuwa uzio wa baba, ambapo fito mbili bado zimesimama. Kisima ambacho kiko ndani ya ule ukuta sasa, tulikiandika kwa kukikadiria. Kufika magharibi tulikuwa na majina 31, matatu kati yake mimi mwenyewe sikuwahi kuyasikia. Kwenye la 32 mjomba alisimama chini ya mti mmoja, akanishika mkono wenye kalamu, akasema, "Hapa pita." Mpwa alikuwa ameshaweka alama. Akaifuta.