Nionyeshe faida iko wapi

Binti yangu alirudi na zoezi la hesabu za biashara. Alifika swali la nne, akalisoma kwa sauti, halafu akacheka. Kampuni imefunga mwaka kwa faida, lakini imeshindwa kulipa mishahara, eleza inawezekanaje.

"Mama, mwalimu hapa kachemka. Ukipata faida si una hela?"

Nilikuwa napiga pasi. Nikaisimamisha pembeni. Mwalimu hajachemka, nikamwambia. Mimi nimewahi kuwa swali la nne.

Ilikuwa Ijumaa, enzi za kampuni yetu ya uchapaji, kabla hatujahama na kabla mwenzangu hajaamua mambo yake. Asubuhi ile Mzee wetu wa hesabu aliniletea taarifa za mwaka. Zilikuwa karatasi kadhaa zilizobanwa pamoja, nami nikasoma mstari mmoja tu, wa mwisho kwenye taarifa ya faida na hasara. Faida! Tena kubwa kuliko miaka yote iliyotangulia. Mizania, ile ya mali na madeni, sikuifungua. Karatasi ya mwisho, ile ya mtiririko wa fedha, yaani hela zilizoingia na kutoka kweli, Mzee alikuwa ameacha nafasi wazi, akasema tutaijaza pamoja nikipata muda. Muda gani? Nilimpigia simu mwenzangu palepale kumwambia tutafute jengo kubwa zaidi.

Saa saba mchana nikaangalia salio benki ili niandae mishahara. Iliyokuwepo ilitosha theluthi ya wafanyakazi.

Nilimkuta Mzee anafunga mkoba wake. Sikumwamkia hata. "Mzee, hesabu zako zina makosa."

"Kosa lipi, mwanangu?"

"Umeandika tumepata faida. Iko wapi?"

Akaniangalia kidogo, akautua mkoba mezani. "Mwenye biashara ni wewe. Twende, unionyeshe wewe iko wapi."

Nilidhani ananikejeli. Akatoa penseli, akageuza ile karatasi upande usio na maandishi, akatangulia kutoka. Mashine zilikuwa zimezimwa kwa sababu ya siku ya mshahara, na kimya cha karakana isiyofanya kazi ni kizito kuliko kelele zake. Vijana walikaa kwenye mabenchi, wameshanawa mikono, lakini wino kwenye kucha hautoki kwa kunawa.

Tulianzia stoo. Rimu za karatasi zilipangwa hadi kufunika nusu ya dirisha. Nilizinunua kwa mkupuo kwa sababu msambazaji alinipa punguzo, nikajiona mjanja. Mzee akapitisha kiganja juu ya rimu ya juu kabisa, akakitazama: vumbi. "Tufanye faida yako yote ni 100," akasema, "ili isitusumbue na masifuri. Stoo imeongezeka 45 kuliko mwaka jana. Hizo hapa." Akaandika.

Tukaenda kwenye mashine mpya ya kukatia. Akaigonga ubavuni kwa ncha ya penseli. "Hii 60. Kwenye faida na hasara hutaiona imetoka yote. Utaona uchakavu tu, kila mwaka kipande. Lakini muuzaji ulimlipa kwa vipande?"

Nilimlipa yote, tena kabla haijashushwa kwenye gari.

Kisha akaomba boksi la ankara ambazo hazijalipwa. Hapo sitapasahau. Meza ya kujalidia ilikuwa tupu, naye akazipanga ankara 14 juu yake, moja pembeni ya nyingine, taratibu, kama mtu anayepanga karata anazojua zimekwisha. Kila alipoweka moja alitaja umri wake. Siku 41. Siku 67. Siku 38. Siku 102. Hakutaja kiasi, alitaja siku tu. Nilikuwa nasikia karatasi inavyogusa mbao. Ya mwisho ilikuwa ya mteja wetu mkubwa, yule niliyewapiga chenga washindani wote kumpata, kwa sharti moja tu: alipe ndani ya siku 60. Peke yake ilizidi nusu ya deni lote.

"Hii nayo tumeihesabu kama mauzo?" nikauliza.

"Tangu siku ulipopeleka mzigo na ankara. Vitabu havisubiri hela, mwanangu. Wanaosubiri hela ni hawa." Hakugeuka kuwatazama, alielekeza kichwa tu kwenye mabenchi.

Halafu akaanza safu. Faida 100. Akaongeza uchakavu 20, kwa kuwa ni gharama ya kwenye vitabu isiyotoa hela mfukoni: 120. Tunazowadai wateja zimeongezeka 90, zikabaki 30. Stoo 45, tukawa chini ya sifuri kwa 15. Akaongeza 25, ongezeko la madeni yetu kwa wasambazaji. Yaani tulikuwa tunapumulia pua za wengine. Shughuli zote za mwaka mzima, zile usiku tulizokesha, zilileta 10 taslimu. Toa mashine 60. Toa marejesho ya mkopo 20, maana kwenye faida na hasara inaingia riba tu, deni lenyewe halionekani. Toa 15.

"Hiyo 15 ni nini?"

Aliendelea kuandika. "Uliyokuwa unachukua wewe."

Mwaka tuliuanza na 88. Akapiga mstari chini, akaandika 3. Kisha akachukua taarifa ya benki, akaiweka sambamba, akanyamaza. Na huko ilikuwa 3. Mishahara ilihitaji 9. Sijawahi kutamani tarakimu mbili zisilingane kama siku ile.

Mzee alikuwa mtu wa kuchomeka historia hata msibani. Akaniambia Luca Pacioli, mtawa wa Kiitaliano, aliueleza mtindo wa kuingiza kila hesabu pande mbili katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Na kiwango cha kimataifa cha uhasibu kilichoitaka taarifa ya mtiririko wa fedha kwa sura yake ya leo, namba 7, kilianza kutumika tarehe 1 Januari 1994. Miaka 500 kamili katikati. "Usijilaumu sana," akasema. Mimi nilikuwa nafikiria yule mchapaji wa Venice, kama alilipwa kwa wakati.

Tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Yetu ilikuwa na daftari, na habari zilikuwemo humo humo. Mimi ndiye sikusoma zaidi ya mstari mmoja.

Kabla hajaondoka alinipigia hesabu nyingine pembeni ya karatasi. Karatasi hukaa stoo siku 50 kwa wastani, wateja wanalipa baada ya siku 70, sisi tunamlipa msambazaji baada ya siku 30. Hamsini na sabini, toa thelathini: siku 90 hela yangu iko safarini. Kazi ikiwa kubwa zaidi, kinachosafiri ni kikubwa zaidi. Simu niliyompigia mwenzangu asubuhi, ya jengo kubwa, ilikuwa simu ya kutafuta shimo refu zaidi.

Yaliyofuata hayana mapambo. Ijumaa ile kila mtu alipewa theluthi. Mama aliyekuwa anajalidi alihesabu zake mara mbili, akauliza kwa upole, "Lakini kazi si zipo nyingi, bosi?" Zilizobaki zililipwa baada ya siku 12: niliuza sehemu ya zile rimu chini ya bei niliyonunulia, na nikashinda asubuhi mbili kwenye mapokezi ya mteja mmoja hadi wakachoka kuniona. Mwezi ule vitabu vilionyesha hasara, na ndio mwezi nilioanza kulala usingizi.

Tangu hapo kila Ijumaa nina karatasi ya wiki 13 zijazo: nini kinaingia, lini, nini kinatoka. Nikaanza kudai kianzio cha nusu kwa kazi kubwa. Wateja wawili wakaondoka kwa sababu hiyo, na mmoja wao namwona siku hizi, amekua kweli, kazi zake anachapia kwa wengine. Huwa nampigia hesabu kichwani. Sipati jibu moja. Inategemea nimeamka vipi.

"Kwa hiyo niandike nini?" binti yangu akauliza. Nikamwambia aandike kwamba mauzo huhesabiwa siku ya ankara, na hela ina siku yake. Achore safu kama ya Mzee. Akachora. Ya kwake ilitoka safi kuliko ile ya penseli, ambayo bado ninayo.

"Na yule mkubwa alilipa?"

"Alilipa. Siku ya 131."

"Basi, mambo yakaisha."

"Wiki hiyohiyo akaleta kazi nyingine. Kubwa mara mbili. Alitaka siku 60."

"Ukakataa?"

Nikarudi kwenye pasi. Ilikuwa imeshapoa, lakini niliendelea kuipitisha juu ya shati.