Jioni Nilizoirudishia Riwaya

Kwa miaka mingi nilikuwa na desturi moja: nikirudi nyumbani jioni, kabla hata sijavua viatu, nilikuwa nimekwisha kuwasha runinga. Ilikaa inasema mpaka saa tano za usiku, wakati mwingine mpaka saa sita, nami mbele yake nikihama kutoka chaneli moja hadi nyingine na kujiahidi kwamba kipindi hiki kikiisha nitazima. Kilichonishtua hatimaye ni kwamba kulipokucha sikuweza kusimulia nilichokitazama. Siku hizi saa hizo nazitumia kusoma riwaya nzuri, na raha ninayoipata humo ni kubwa mno kuinyamazia.

Kwanza kabisa ni raha ya mwendo. Runinga hupitisha picha 25 au 30 kila sekunde, na hupitisha zote, uwe umeelewa au hujaelewa. Jicho la msomaji lina tabia nyingine. Haliserereki juu ya mstari kama tunavyodhani; huruka na kutua, huruka na kutua, mara tatu au nne hivi kwa sekunde, na kila baada ya muda hurudi nyuma kuliangalia tena neno lililopitwa. Huko kurudi nyuma ndiko ninakokupenda kuliko yote.

Mwezi uliopita nilifika kwenye ukurasa ambamo mwanamke anawamiminia wageni chai, anawachekea kwa adabu, anawauliza habari za watoto, na huku moyoni anazihesabu siku zilizobaki kabla mwenye nyumba hajaja kudai kodi yake. Mwandishi hakutuambia popote kwamba mama huyu ana hofu. Aliziweka sauti zake mbili, ya mdomoni na ya moyoni, ndani ya sentensi moja ndefu, hata karibu na mwisho zikachanganyika, na mgeni aliyetaka vijiko viwili vya sukari akatiliwa vinne, kwa kuwa siku zilizobaki zilikuwa nne. Niliisoma sentensi ile mara tatu, kisha nikakilaza kitabu kifuani na kukaa kimya. Hakuna aliyenihimiza. Halikutokea tangazo la sabuni kunikatiza, wala kisa hakikuendelea bila mimi. Mwigizaji hodari angeweza kunionyesha hofu ile machoni mwake, lakini hesabu yenyewe angelazimika kuisema kwa sauti, na hapo ingekoma kuwa siri.

Hata filamu ndefu hupungukiwa mahali hapo. Riwaya ya Leo Tolstoy kuhusu vita vya Napoleon na Urusi, iliyokamilika mwaka 1869, ilitengenezewa filamu katika Umoja wa Kisovieti kwenye miaka ya 1960, nayo inachukua takriban saa saba kuitazama. Mandhari ya mapigano yake hustaajabisha kweli. Lakini mawazo ambayo msomaji hukaa nayo kurasa baada ya kurasa, akiwa ndani ya kichwa cha mhusika mmoja, hayapati nafasi hiyo, kwa sababu kamera haina budi kusonga mbele.

Sisemi kwamba runinga haina kazi. Mpira hutazamwa, hausomwi, na simba anayewinda anahitaji picha. Wala siilaumu tamthilia kwa kutuacha na taharuki kila kipindi kinapokwisha, maana riwaya zilifanya hivyo zamani: ya kwanza ya Charles Dickens ilianza kutoka mwaka 1836 kwa sehemu za kila mwezi, na wasomaji walingojea kila sehemu kwa hamu.

Nasema riwaya nzuri kwa makusudi. Ile ambayo wema ni wema tangu mwanzo na wabaya ni wabaya mpaka mwisho naiweka chini baada ya kurasa 50, bila kuona haya, kwa kuwa maisha ni mafupi na vitabu ni vingi. Nikiri pia kwamba wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Nilikuwa nikisoma aya mbili tu mkono unaitafuta rimoti, na kichwa, kwa kuzoea kulishwa, kilikataa kufanya kazi. Nilianza na kurasa 10 kwa usiku. Sikumbuki ni lini niliacha kuzihesabu.

Lakini furaha ambayo sikuitarajia ilinijia kupitia kwa dada yangu. Tulisoma riwaya moja kwa zamu, naye alipomaliza tulikaa kuizungumza, tukaanza kubishana juu ya mzee mmoja aliyemo ndani yake. Dada alimwona mrefu, mkavu, mwenye mabega yaliyoinama. Mimi niliishi naye wiki mbili akiwa mfupi, mnene kidogo, anayetembea mikono yake ikiwa nyuma. Kila mmoja alikuwa na hakika kabisa, hata dada akanitajia sura ya kitabu alimodhani amesoma habari hizo. Tulikichukua kitabu na kupekua kurasa zote anazotokea yule mzee, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuatisha kwa kidole. Umri wake umetajwa, sauti yake imeelezwa, na kofia yake imetajwa mara kadhaa. Kimo chake mwandishi hakukigusa hata kwa neno moja.