Siku moja yangu na meseji za mama wajawazito, Nairobi

Mimi ni nesi mkunga, wodini nilizalisha miaka mingi, siku hizi niko kwa simu na kompyuta. Wengi huniuliza nafanya nini hasa, basi leo nawapea siku yangu.

Saa kumi na mbili asubuhi niko steji, mvua, matatu wamepandisha nauli, tuache hiyo.

Saa mbili naripoti, wa shifti ya usiku ananikabidhi. Mama akianza kliniki anasajiliwa, anapata meseji bure, akiwa na swali anaandika hata kwa kabambe. AI, yaani akili bandia ya kompyuta, inasoma kila meseji, inaipa rangi kulingana na hatari halafu inaandika rasimu ya jibu. Kabla ya hii tulikuwa tunajibu kwa foleni tu, anayetoka damu anangoja nyuma ya anayeuliza kama avokado ni mbaya, kwa hivyo hapo sina ubishi na mashine.

Saa tatu imenionyesha kazi safi. Mama kaandika insha, salamu, baraka, kama anaweza kusuka, kama maembe mabichi yana shida, halafu mwisho kabisa "na pia nimeona damu kidogo". Saa hiyo nina foleni ndefu, macho yangeruka hiyo laini. Mashine iliiweka nyekundu, nikampigia, akaenda hosi.

Saa nne narekebisha rasimu. Shirika la Jacaranda Health walipotoa UlizaLlama 2023, modeli ya AI iliyofunzwa Kiswahili, nilifurahi maana nyingi zimelelewa na Kizungu. Lakini hii tunatumia bado inaongea kama taarifa ya habari, "tafadhali hudhuria kituo cha afya kilicho karibu nawe". Mama wa Kayole hataamka kwa hiyo. Nafuta naandika: mama, enda leo, usingoje kliniki ya wiki ijayo, beba kitabu.

Saa sita ndio nikakutana na yenyewe. Meseji ya kijani, yaani haina haraka: "sista naona kama kuna ukungu machoni, ni uchovu ama". Rasimu inamwambia apumzike anywe maji. Nikafungua meseji zake za nyuma. Jumatatu aliandika viatu havimtoshi, akajibiwa kuvimba miguu ni kawaida. Jumatano kichwa kinauma na panadol haisaidii. Mimba ya miezi minane. Ukiweka hizo tatu pamoja mkunga yeyote anaona presha ya mimba, shida ni mashine inasoma kila meseji peke yake kama imetoka kwa mtu mpya!

Nikapiga. Ikashikwa na mwanaume.
"Habari baba, naomba kuongea na mama."
"Wewe ni nani?"
"Ni sista wa kliniki."
Hapo huongezi kitu, simu ni ya mzee na mambo ya mama ni ya mama. Akampa. Nikamwambia aende hosi sasa hivi, na mzee akatafuta boda bila maswali, Mungu ambariki.

Chapo madondo nimekula saa nane, zimepoa.

Saa tisa nesi wa huko akanipigia: presha 170 kwa 110, protini iko kwa mkojo, ashadungwa magnesium ndio asipate degedege, ambulensi inampeleka level 5, hosi kubwa ya rufaa.

Saa kumi nimekaa na vijana wa IT. Nataka isome historia yote ya mama, wanasema inawezekana ila inakula pesa na muda, mwezi ujao labda. Sawa, lakini mpaka hiyo siku kila mama aliyepita wiki 20 akitaja kichwa, macho ama miguu, mimi nafungua za nyuma, kijani ama si kijani, na nimeambia shifti zote zifanye hivyo hata kama foleni itakuwa ndefu.

Saa kumi na moja nakabidhi. Namba ya yule mama nimeiacha juu kabisa, wa usiku atapiga saa tatu na tena kesho, maana hata akishajifungua presha bado inaweza kupanda.